Tundu Lile Si la Rachidi

Katika saluni ya Tahiri, pale Rumonge karibu na wanapouzia ndagala, dagaa wa ziwani, mtu aliingia na ndevu akatoka na habari. Tahiri alijua nani ameoa kule Magara, nani amemkimbia mkewe kule Kabezi, minibasi gani imekatika breki kwenye barabara ya Nyanza-Lac na dereva alisema nini alipotolewa mtaroni. Aliyajua na aliyasema yote, wembe ukiwa kwenye koo la mteja, kwa hiyo hakuna aliyembishia.

"Ungekuwa redio," Mzee Amuri alizoea kumwambia, "tungekuzima kidogo tupumzike."

Mzee Amuri alikuwa seremala aliyeacha randa kwa sababu ya mgongo. Kichwa chake kilikuwa kimebakiwa na nywele kama za kuhesabia tu, lakini hakupitisha wiki bila kuja kunyolewa. Ukweli ni kwamba alifuata feni na maneno, na Tahiri, ambaye hakuwa mchoyo wa kimoja wala cha pili, alimpitishia mashine kichwani kama mtu anayepangusa meza safi.

Jambo moja tu halikuwahi kutoka katika kinywa cha Tahiri. Mbali na kunyoa, ndiye aliyeosha maiti za wanaume wa mtaa wa Waswahili. Kazi hiyo aliipokea kwa baba yake, ambaye naye aliipokea kwa babu aliyekuja kutoka Kongo enzi za Wabelgiji. Alichokiona pale kwenye ubao wa kuoshea kilibaki pale pale. Mwili wa mtu una mambo yake: kovu ambalo mkewe aliambiwa ni la shoka na kumbe si la shoka, mchoro wa ngozini wa ujana wenye jina la mwanamke mwingine, ugonjwa uliofichwa chini ya kanzu miaka yote. Watu wa mtaa waliishi kwa raha kwa sababu walijua kuwa atakayewaona mara ya mwisho hatasema. Mzee Amuri alimjaribu mara kwa mara. Aliuliza kwa mbali tu, kama hataki, habari za marehemu fulani. Tahiri aliongeza sauti ya redio.

Wapo watu kimya wanaouza siri za wenzao kwa kukonyeza jicho tu. Na yupo mropokaji anayejua mahali pa kufunga mdomo. Huyu wa pili ndiye mwaminifu, na mtaa ulimjua hivyo.

Sasa, miongoni mwa wateja wa Tahiri alikuwapo polisi mmoja aitwaye Emery. Alikuwa kijana mchangamfu kutoka milimani, Mkristo, mpenda mpira, aliyejifunza Kiswahili cha ziwani kwa kubishana katika saluni ile ile. Aliweka bunduki kati ya magoti, akainua kidevu, na kusema, "Amahoro, Baba Tahiri, nitengeneze kama waziri." Tahiri alimpenda. Inafaa kusema hivyo mapema, kwa sababu kumhukumu adui ni rahisi.

Ijumaa moja ya kiangazi, saa ambayo wanaume wa mtaa wako msikitini, Rachidi alikuwa anashuka na baiskeli kutoka kwenye mashamba ya michikichi. Alikuwa mtoto wa pekee wa Batuli, mjane anayeuza mawese sokoni. Alibeba kidumu cha mawese kila upande, na panga limefungwa chini ya kiti, kama kila mtu anayekata mikungu ya chikichi. Chini ya mteremko polisi walikuwa wameweka bariyeri, yaani kamba iliyokatiza barabara kati ya vijiti viwili. Emery alikuwa peke yake; mwenzake alikuwa amekwenda kununua sigara. Emery alimwamuru Rachidi asimame. Baiskeli haikusimama. Breki yake ilikuwa kipande cha kandambili alichokikanyagia tairi kwa kisigino, na kwenye mteremko ule, na mzigo ule, kandambili huomba muda. Au labda hakutaka kusimama. Hilo hajui mtu. Aliinamisha kichwa akapita chini ya kamba. Ukasikika mlio mmoja, na waliokuwa msikitini walidhani ni tairi la lori.

Walipotoka kwenye swala walimkuta Rachidi amelala katikati ya mawese yaliyomwagika, barabara nzima nyekundu, isijulikane kipi ni mafuta na kipi ni damu. Panga lilikuwa kando yake. Emery alikuwa amekaa kwenye jiwe, na alisema maneno aliyoendelea kuyasema baadaye bila kubadili: kijana aliteremka kwenye baiskeli, akachomoa panga, akamjia uso kwa uso.

Hapa ndipo watu wa mtaa walipokosea, na walikosea kwa nia njema. Wao wakifiwa huharakisha kuzika; maiti kulala nyumbani wanaona ni kumdhulumu. Mkubwa wa polisi alipowaambia wamchukue mtu wao wakamzike, walishukuru. Hakuna aliyesema aitwe daktari kwanza. Tahiri alimkata nguo kwa mkasi, na nguo zile zenye damu zikachomwa nyuma ya msikiti, kama ilivyo desturi. Aliyemwagia maji alikuwa mwadhini, ambaye damu humzungusha kichwa, kwa hiyo alimwaga huku ameutazama ukuta, na nusu ya maji ilimwishia Tahiri miguuni. Kabla jua halijazama Rachidi alikuwa ameshafukiwa. Ushahidi wote walikuwa wameuchoma na kuuzika kwa mikono yao wenyewe, na kilichobaki kilikuwa ndani ya kichwa cha kinyozi.

Batuli hakukubali habari ya panga. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na honi za minibasi, na alikwenda nayo mpaka kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka, akarudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka wakamjua hata kwa hatua zake. Mwishowe kesi ikafunguliwa. Akapatikana pia avoka, mwanasheria wa kike kutoka Bujumbura aliyeitwa Metre Dusabe, Metre ikiwa heshima ya mawakili wa huko, mwenye miwani na viatu vya kutembelea kwenye vumbi. Huyu alimweleza jambo lote kwa lugha ya sokoni. Sheria inamruhusu polisi kupiga risasi ya kuua pale tu ambapo roho ya mtu iko hatarini na hakuna njia nyingine. Kama Rachidi alimjia Emery na panga, basi Emery alijilinda. Kama Rachidi alikuwa anaondoka, hata kama alikataa kusimama, hata kama angekuwa mwizi, Emery ameua. Kwa hiyo kesi yote ilikuwa swali moja: risasi iliingilia wapi?

Na kwa sababu hakuna daktari aliyeangalia, Metre Dusabe alisema kwa upole, tribinali, yaani mahakama, itaamuru kaburi lifunguliwe.

Habari hiyo ilifika saluni kabla haijafika sokoni. Wateja waliijadili kwa kirefu. Mmoja alisema kaburi likifunguliwa mvua itakosa. Mwingine akasema mvua ya Rumonge haijawahi kuuliza habari za makaburi. Mzee Amuri alimtazama Tahiri kwenye kioo. Tahiri alikuwa anasafisha mashine ambayo tayari ilikuwa safi.

Kwa maana Tahiri alijua. Tundu lilikuwa moja, mgongoni, chini ya bega la kushoto. Kifua cha Rachidi kilikuwa kizima kama siku aliyozaliwa. Tahiri alilala na tundu hilo na aliamka nalo, na mtu aliyezoea kutoa kila kilichomo kichwani alianza kuonekana kama kidumu kilichofungwa kifuniko juani.

Alikwenda kwa shehe. Shida ikawa kwamba hakuweza kuuliza vizuri bila kusema, na kusema ndiko alikokuwa anaulizia.

"Shehe, mtu akiwa ameosha, akaona kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu tu."

"Tahiri, kitu tu hakina jibu. Mwosha husitiri. Hayo unayajua wewe kuliko mimi."

Alirudi na alichokwenda nacho. Alimpigia simu shehe mwingine wa Bujumbura, mkubwa zaidi, akauliza swali lile lile lisilo na kichwa wala miguu, akapata jibu lile lile, na simu ikakatika katikati ya dua.

Siku chache baadaye Emery mwenyewe aliingia saluni. Alikuwa amesimamishwa kazi akisubiri kesi, yuko huru, hana sare. Waliokuwapo walikumbuka shughuli zao ghafla wakatoka. Alibaki Mzee Amuri peke yake, chini ya feni, amefumba macho kama amelala. Emery aliinua kidevu. Tahiri alimpaka povu.

"Baba Tahiri," Emery alisema polepole, "nasikia mwosha hasemi. Ni dini yenu."

Tahiri alinoa wembe kwenye ukanda.

"Mi naheshimu dini ya mutu. Na wewe iko mutu wa dini."

Sauti yake haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tahiri alimnyoa mashavu, akamnyoa koo, kwa mkono uleule wa siku zote. Kinyozi hushika wembe kwenye koo la mwenzake kutwa nzima, na watu humpa koo hilo kwa sababu wanaamini mkono wake hautafanya kila unachoweza kufanya. Polisi naye hupewa bunduki kwa imani hiyohiyo. Akiivunja imani hiyo, hatendewi ubaya akiulizwa. Tahiri alimpangusa povu, akakunja taulo. Emery akawa mteja wa kwanza katika saluni ile kuondoka bila habari hata moja.

"Amekuogopa," Mzee Amuri alisema akiwa bado amefumba macho.

"Amenishukuru kwa kunyamaza," Tahiri alijibu. "Hilo ndilo linaloniuma."

Kesho yake asubuhi Batuli aliingia. Wanawake hawaingii saluni ya wanaume. Mteja mmoja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja alitaka kuinuka, kisha akakumbuka kichwa chake kilivyo akakaa. Batuli alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kilichokuwa wazi, akaketi, akamtazama Tahiri kupitia kioo, kama wafanyavyo wateja wote.

Alimwambia kuwa tribinali ilikuwa imeamua. Kaburi lingefunguliwa wiki inayofuata, na yeye ametakiwa awepo ili aseme kama ni mwanawe. Aliyasema bila kulia. Alisema amefikiria watu wenye majembe, na jua, na mwanawe akitolewa kwenye sanda ambayo yeye mwenyewe aliinunua, na ameona kuwa ataweza, kwa sababu hana la kufanya. Ila kabla ya hapo alitaka kumwambia Tahiri neno.

"Nilikupa mutoto wangu umusitiri," alisema. "Kama iko kitu cha aibu kwenye mwili wake, kaa nacho mpaka wewe pia uoshwe. Sitakuuliza. Hata mimi mamake sitaki kujua. Lakini lile la bunduki hakujifanyia yeye. Sijui liko wapi, na sikuulizi. Nakuambia tu, tundu lile si la Rachidi."

Akainuka, akapangusa kiti kwa ncha ya kitenge, akawashukuru wote kwa murakoze moja, akaenda kwenye mawese yake.

Tahiri alisimama na wembe mkononi. Yule mteja wa upande mmoja alisubiri, akasubiri tena, kisha akauliza kwa adabu kama ingewezekana na upande wa pili upate haki. Tahiri alimmalizia. Kisha akafunga saluni mchana kweupe, jambo ambalo halikuwahi kutokea bila msiba, akamtafuta Metre Dusabe.

Avoka aliomba tribinali imsikilize mwosha kabla ya majembe. Siku ya kusikilizwa ukumbi ulijaa: wauza samaki, wakata chikichi, wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania wanaosifika kwa kupenda kesi, na mwadhini, aliyekaa karibu na mlango kwa tahadhari. Emery aliketi mbele na wakili wake, mwanamume mnene mwenye kalamu ya dhahabu. Hakimu alikuwa mama wa makamo asiyependa kupotezewa muda.

Tahiri aliapa. Mdomo ule uliozoea kuanza habari ya Magara kwa kupitia Kabezi ulisema kwa ufupi kabisa. Alimwosha Rachidi. Tundu lilikuwa moja. Lilikuwa mgongoni, chini ya bega la kushoto. Kifuani hapakuwa na kitu. Ukumbi ulipumua kwa pamoja. Batuli aliinamisha kichwa. Emery alitazama viatu vyake.

Wakili wa Emery aliinuka taratibu. Hakubishana na tundu. Aliuliza kama shahidi aliuona mwili mzima, na Tahiri akakubali. Basi, alisema wakili, aiambie mahakama ni nini kingine alichokiona. Rachidi alikuwa na michoro? Alikuwa na makovu ya zamani, labda ya risasi, labda ya kambi za waasi msituni? Mtaa huu unamsifu kuwa mtoto mwema. Mwili wake ulisema nini?

"Iko mambo," Tahiri alisema.

Watu wakageukiana. Kila mmoja alikuwa na mambo yake chini ya nguo, na kila mmoja alijishika.

"Mambo gani?"

"Sitasema."

Hakimu alimwonya. Alimkumbusha kuwa ameapa, kwamba shahidi hachagui maswali, na kwamba tribinali inaweza kumwadhibu. Tahiri alikuwa anatoka jasho kama yuko mbele ya chungu cha mawese, lakini sauti yake ilitoka sawasawa.

"Muheshimiwa juji, tundu lile si la Rachidi. Ni la aliyelitoboa, ndiyo maana nimelileta hapa. Yaliyobaki ni ya Rachidi. Hayo mutanifunga nayo."

Hakimu alimgeukia wakili na kumuuliza kama mteja wake, kabla ya kufyatua, alikuwa ameona chochote kilichokuwa chini ya shati la marehemu. Wakili alisema hapana, isipokuwa... Hakimu alisema hapana inatosha. Swali likafutwa, na wakili akaketi, akaanza kuifungua na kuifunga kalamu yake.

Emery alipoulizwa kama ana neno, alisimama. Alisema kuwa baiskeli haikusimama. Alisema alikuwa peke yake, na wiki ile mkubwa wake alikuwa amemgombeza mbele ya wenzake kwa kuacha watu wapite. Alisema alidhani akipiga, yule atasimama. Hakutaja tena panga. Hakimu alimuuliza kama Rachidi alikuwa anakuja au anakwenda. Emery akasema, "Alikuwa anaenda."

Kaburi halikufunguliwa. Emery alifungwa, na hata katika saluni hakuna aliyeshangilia, kwa sababu kiti alichokuwa anakalia bado kilikuwa pale na kila mtu alikijua. Wengine walimhurumia, na kumhurumia si kosa. Lakini kijana mmoja alipothubutu kusema kwamba polisi naye ni binadamu, basi asamehewe, Tahiri alisimamisha mashine. Alisema ni kweli ni binadamu. Ndiyo maana ameitwa mahakamani; mbwa aliyeuma haitwi. Halafu akaendelea kunyoa.

Ila mtaa ulikuwa na hesabu nyingine. Akafa mzee mmoja wa karibu na ziwa, na watoto wake wakamwita mwosha kutoka Nyanza-Lac. Walisema ni kwa sababu ya undugu. Akafa mwingine, na mwadhini akasukumwa aoshe yeye, akazimia kabla ya kufika kichwani. Watu walimsalimia Tahiri vizuri, walimpa vichwa vyao na ndevu zao, lakini macho yao yalisema: alisema mara moja. Tahiri aliliona hilo na hakujitetea. Alikuwa amejua toka siku ile alipofunga saluni kuwa huenda kazi ya babu yake ikamfia mikononi.

Mzee Amuri alikuja siku yake ya kawaida, saluni imejaa. Alingoja zamu yake, akaketi, akajifunga taulo mwenyewe.

"Nyoa."

"Ninyoe nini, Muzee? Nywele zako nimezimaliza mwaka jana."

"Basi sikiliza." Alipandisha sauti, kwa maana hakuwa anaongea na Tahiri peke yake. "Mi nikifa, utaniosha wewe. Nimeshawaambia watoto wangu. Wakileta mutu wa Nyanza-Lac nitaamka. Iko kitu mgongoni mwangu, tangu ujana, tangu nilipokuwa Kalemie, kule Kongo. Utakiona. Utashangaa. Ukimwambia mutu, nitakurudia."

Waliokuwa wakisubiri zamu walisogeza viti karibu.

"Na kama umepigwa risasi?" Tahiri aliuliza.

Mzee Amuri alifikiri, kama mtu anayepima ubao.

"Hapo sema mpaka redioni," alisema. "Lakini ya Kalemie uache."

Kijana mmoja pale mlangoni akauliza ni kitu gani hicho cha Kalemie, na Tahiri akaongeza sauti ya redio. Kicheko kilianza kwa Mzee Amuri, kikazunguka ukutani, kikatoka nje mpaka kwa wauza ndagala, ambao walicheka bila kujua wanacheka nini.

Alasiri ile ile walikuja watoto wa marehemu mmoja wa mtaa wa juu, wameinamisha vichwa, kuuliza kama Baba Tahiri ana nafasi. Tahiri alikunja taulo, akachukua mkasi na sabuni, akamkabidhi Mzee Amuri ufunguo. Kabla ya kutoka aligeuka pale mlangoni, kwa sababu alikuwa na habari ya minibasi moja ya Magara na kuku wa abiria, na haikuwa sawa kuwaacha watu hivi hivi.